Bomba la Kijivu

Ukitaka kujua kama motahomu ya zamani inavuja, anza kwa kutofungua kitu chochote. Jaza tangi la maji safi, washa pampu, ngoja presha ijae mpaka pampu inyamaze, halafu na wewe unyamaze. Pampu ya motahomu ni kidude kidogo cha volti 12 kinachokula betri, na kina tabia moja nzuri: presha ya maji ikifika kiwango chake kinazima chenyewe, ikishuka kinaamka. Sasa, kama mifereji yote imefungwa, hakuna anayeoga, hakuna aliyeflashi choo, na saa nane usiku unasikia brrr ya sekunde mbili, kimya, halafu baada ya dakika ishirini brrr tena, basi kuna maji yanatoka mahali. Kuna uwezekano yanarudi tu ndani ya tangi kupitia vali iliyochoka ya pampu yenyewe. Hiyo ni bahati. Uwezekano wa pili ni kwamba yanadondoka tone moja moja nyuma ya kabati, yakinywewa na mbao za sakafu, na yamekuwa yakifanya hivyo tangu kabla hujalinunua hilo gari.

Na ukitoa paneli ya chini ya sinki, uingize kichwa na tochi, kuna rangi moja ambayo wamiliki wa magari haya Marekani hawapendi kuiona. Kijivu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya motahomu, chukua matatu ya abiria 33, toa viti vyote, weka kitanda, jiko, friji, choo, bafu la kuoga ukiwa umesimama na meza ya kukunja. Chini ya kitanda weka tangi la maji safi. Chini ya sakafu weka mengine mawili, moja la maji ya kuoshea vyombo na kuoga, lingine la choo. Watalii wanaoendesha kutoka Cape Town hadi Cairo hupitia hapa kwetu na magari ya ukoo huo, kwa hivyo huenda umewahi kupishana na moja ukadhani ni lori la kuuza mandazi. Kati ya tangi na mfereji kuna mabomba, mita nyingi za mabomba membamba, yanayopita mahali ambapo hakuna mkono wa fundi unaofika bila kuvunja kitu. Nyumba ya kawaida imetulia chini. Hii inatikiswa kwa maelfu ya kilomita, halafu inaegeshwa miezi sita kwenye baridi kali, halafu inatikiswa tena.

Mwanzoni hapakuwa na shida ya mabomba kwa sababu hapakuwa na mabomba ya kutajika. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari lake la Touring Landau pale Madison Square Garden, New York. Kiti cha nyuma kiligeuka kitanda, sinki lilikunjuliwa kutoka mgongo wa kiti cha dereva, na choo kilikuwa chungu cha kukojolea. Ndiyo hivyo, chungu. Mwaka 1915 tajiri mmoja anayeitwa Roland Conklin aliipakia familia yake kwenye basi kubwa lililotengenezwa maalum, lenye jiko, taa za umeme na hata bustani juu ya paa, wakatoka Huntington, New York, hadi San Francisco. Magazeti yalichangamka. Lakini hiyo ilikuwa starehe ya watu wenye dereva.

Mambo yalibadilika miaka ya 1960. Kule Forest City, mji mdogo wa jimbo la Iowa, kampuni ya Winnebago ilianza mwaka 1966 kutengeneza motahomu kwenye mstari wa kiwanda, moja baada ya nyingine, kama magari mengine yoyote, na kuziuza kwa bei ya chini kuliko washindani. Elkhart, Indiana, nako kukajaa viwanda vya misafara na motahomu hadi leo mji huo unajivunia kuwa makao makuu ya biashara hiyo duniani. Ghafla mwalimu mstaafu au fundi wa kiwandani aliyeweka akiba vizuri angeweza kumiliki nyumba inayotembea. Na huyo hakutaka chungu. Alitaka maji ya moto, shawa, sinki lenye mifereji miwili.

Wajenzi wengi wa mwanzo walitumia kile kilichotumika nyumbani: shaba. Bomba la shaba ni zuri sana kwenye nyumba iliyojengwa kwa matofali. Kwenye gari ni balaa. Mtikisiko unachosha viungio. Maji yakiganda ndani yake wakati wa baridi yanatanuka, na shaba haijui kutanuka, inapasuka kwa urefu kama mhogo. Isitoshe kila kiungio kinahitaji moto na risasi ya kuchomelea, na huyo fundi mwenye moto anafanya kazi sentimita chache kutoka kwa mbao nyembamba na gundi. Na shaba ni ghali. Ongeza mishtuko miwili ya bei ya mafuta, 1973 na 1979, iliyowafanya Wamarekani waogope kununua gari linalokunywa petroli kama ng'ombe kwenye birika, na utaelewa kwa nini viwanda vilikuwa vinatafuta kila senti ya kuokoa.

Hapo ndipo inaingia polibutilini.

Ni plastiki. Inatokana na mafuta ya petroli, na Marekani malighafi yake ilitoka kwa Shell, ndiyo, hiyo hiyo ya ganda la manjano kwenye vituo vya petroli. Kuanzia 1978 mabomba yake yalisambaa kwenye nyumba mpya za majimbo ya kusini, kwenye nyumba za kukokotwa, kwenye misafara na kwenye motahomu. Kwa fundi ilikuwa kama zawadi. Unalikata kwa kisu, unalipindisha kwa mkono, unalipitisha nyuma ya kabati mzima mzima bila kona hata moja, unaingiza kiungio cha plastiki, unabana pete ya chuma kwa koleo, umemaliza. Hakuna moto. Hakuna aliyesomea miaka mitatu. Likiganda linatanuka kidogo na kurudi. Na lilikuwa rahisi bei. Walioliuza waliliita bomba la kesho, na sioni sababu ya kuwacheka, kwa sababu ukiliangalia kwa macho ya fundi wa Elkhart wa mwaka 1982, hata mimi ningelinunua.

Shida ilikuwa ndani ya maji.

Maji ya miji ya Marekani yana klorini. Mji wa Jersey City, New Jersey, ulianza kutia klorini kwenye maji yake ya kunywa mfululizo mwaka 1908, wa kwanza nchini humo, na desturi ikaenea haraka kwa sababu ilikomesha vifo vya homa ya matumbo. Hapa nataka usimame kidogo. Kati ya 1908 na 1978 ni miaka 70. Klorini haikuwa siri. Haikuwa jambo lililogunduliwa baada ya mabomba kufungwa. Bomba lililoundwa kubeba maji ya mji liliundwa kubeba maji yenye klorini, au basi halikuundwa kwa maji hayo hata kidogo.

Klorini hushambulia polibutilini kutoka ndani. Ukuta wa ndani unakauka, unakuwa mgumu kama karatasi iliyoachwa juani, unabanduka vipande vidogo, unafanya nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Nje bomba linabaki laini, kijivu, likipendeza. Viungio vilikuwa dhaifu zaidi. Vingi vilitengenezwa kwa plastiki nyingine inayoitwa asetali, ambayo DuPont na Celanese walikuwa wakiuza, na asetali nayo haipatani na klorini. Kwa hivyo bomba lingeweza kukaa miaka kumi bila neno, halafu siku moja kiungio kinakatika, na mwenye nyumba anarudi kutoka kazini anakuta zulia linaelea. (Chuo nilichokiacha kilikuwa na mhadhara mzima kuhusu uoksidishaji wa plastiki. Aliyenielewesha ni mzee mmoja wa video, mwenye ndevu, aliyelala chali chini ya gari na kipande cha bomba mkononi.)

Kesi zilianza miaka ya 1980, nyingi Texas. Kampuni zilijitetea kwa jibu ambalo kila mpangaji wa Nairobi amewahi kulisikia kwa namna fulani: bomba ni zuri, fundi ndiye alifunga vibaya. Na ukweli ni kwamba baadhi ya mafundi walifunga vibaya kweli. Pete ikibanwa kupita kiasi inaumiza kiungio. Lakini nyumba zilizokuwa na bomba hili zinakadiriwa kuwa kati ya milioni 6 na milioni 10, na ni vigumu kuamini kwamba mafundi wa nchi nzima walisahau kazi yao kwa mpigo. Kufikia 1994 kampuni ya U.S. Brass, iliyouza mfumo wa Qest, jina ambalo hadi leo utalikuta limechapwa kwenye nati za plastiki za motahomu nyingi, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Novemba 1995, kwenye mahakama ya kaunti ya Obion, Tennessee, mapatano ya kesi ya Cox dhidi ya Shell yaliidhinishwa: kuanzia dola milioni 950 za kulipia mabomba mapya na hasara. DuPont walikuwa na mapatano yao kando, huko Alabama. Baada ya hapo Shell ikaacha kuuza malighafi hiyo kwa ajili ya mabomba ya maji.

Milioni 950 ni doh nyingi. Lakini angalia jinsi mlango ulivyojengwa. Uvujaji ulipaswa kutokea ndani ya idadi fulani ya miaka tangu bomba lifungwe, na dirisha lote la kudai lilifungwa Mei 2009. Sasa weka kando ya hapo jinsi bomba lenyewe linavyokufa: polepole, kutoka ndani, bila dalili, haraka zaidi penye klorini nyingi na maji ya moto, taratibu zaidi penye maji machache. Sheria ilihesabu miaka ya kalenda. Bomba lilihesabu lita.

Na hapa ndipo motahomu inatofautiana na nyumba. Nyumba ya familia inapitisha maji kila siku, asubuhi na jioni. Motahomu ya mstaafu inapitisha maji wiki sita kwa mwaka, kisha inakaushwa na kuegeshwa. Bomba lililofungwa 1988 kwenye nyumba ya Houston huenda lilipasuka 1997, wakati bado kulikuwa na mtu wa kumdai. Ndugu yake aliyefungwa mwaka huo huo ndani ya motahomu, akilala miezi kumi kwa mwaka, ana uwezo wa kufika 2010 akiwa mzima kabisa, na kuanza kuvuja siku ambayo dirisha limeshafungwa.

Siku ambayo, pia, mwenye gari si yule yule tena. Mtu aliyenunua motahomu mpya 1988 alikuwa na pensheni. Aliuza 1999 kwa mtu aliyependa kuvua samaki. Huyo naye aliuza baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, na aliyenunua safari hiyo hakuwa anatafuta likizo, alikuwa anatafuta mahali pa kulala. Jessica Bruder aliwafuata watu wa aina hiyo kwa miaka kadhaa na kuandika Nomadland, kilichotoka 2017, kitabu kuhusu Wamarekani wazee wanaoishi ndani ya magari wakihama kutoka kibarua hadi kibarua. Filamu yake ndiyo iliyoshinda Oscar ya filamu bora 2021. Wengi waliitazama kwa ajili ya machweo ya jangwani. Mimi nilikuwa natazama chini ya masinki. Manze, mtu ambaye mali yake yote ni gari la miaka thelathini, sakafu ikioza hana pa kuhamia. Sakafu ndiyo nyumba.

Kwa hiyo kazi ya kulitambua bomba imemwangukia huyo wa mwisho, ambaye hakuwahi kuambiwa chochote. Bahati nzuri ni kazi inayofanyika kwa macho na vidole.

Anza kwa kutafuta maandishi, usianze na rangi. Bomba la polibutilini huchapwa herufi PB, mara nyingi PB2110, kila baada ya hatua fulani ya urefu. Kwenye motahomu za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1990 kwa kawaida ni kijivu, na ukilikwaruza kwa ukucha linajisikia kama nta. Bomba gumu la rangi ya malai, lisilopinda, ni CPVC, jamaa mwingine kabisa. Jeupe, jekundu au la buluu, lenye ugumu wa kuchipukia mkono, kwa kawaida ni PEX, na litakuwa limeandikwa hivyo. Karibu na pampu pengine utakuta mpira wa kuona ndani wenye nyuzi zilizosukwa. Huo hufungwa makusudi ili kumeza mtetemo wa pampu. Na rangi inadanganya, kwa sababu kuna PEX ya kijivu, na kwenye motahomu za Uingereza hadithi inageuka kabisa. Huko polibutilini bado inauzwa na kufungwa leo, Hep2O ni jina moja maarufu, kwa viungio vya kusukuma vinavyolishika bomba kwa nje, na kwenye maji ambayo kwa kawaida yana klorini kidogo kuliko ya Marekani. Jina moja la plastiki, maisha mawili. Ndiyo maana sikubali wanaosema polibutilini ni sumu, ng'oa yote. Swali ni limefungwa na nini, linapitisha maji gani, kwa presha gani.

Ukishajua ni PB, geukia viungio, kwa sababu uvujaji mwingi huanzia hapo. Kwenye motahomu utakutana na aina mbili hasa. Ya kwanza ni nati kubwa ya plastiki unayoikaza kwa mkono, ambayo ndani yake ina koni na pete ya kushikilia. Hii ndiyo Qest ya kawaida. Inaposhuka tone, mara nyingi inatosha kuikaza robo mzunguko, kwa mkono, si kwa spana. Ukiikaza kwa nguvu za kufungua gurudumu inapasuka. Usiizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi. Muhuri wa nati hii uko kwenye koni, hauko kwenye nyuzi, na tepu inaizuia kukaa vizuri. Aina ya pili ni kipande cha plastiki kilichoingizwa ndani ya bomba na kubanwa kwa pete ya chuma kwa nje. Hiki ndicho kilichojaza mahakama. Kikiwa cha plastiki ya asetali na umekifikia tayari, kitoe hata kama ni kikavu. Kukifikia ndiyo kazi ngumu, umeshaifanya.

Mahali pa kutazama, kwa mpangilio wa uzoefu wa watu wengi: nyuma ya hita ya maji, ambako maji ni ya moto na kuna vali kadhaa zilizobanana, nyuma ya choo, ambako vali ya maji hupasuka kwa baridi, shawa ya nje, ile ya kunawia miguu, ambayo watu husahau kuikausha, chini ya sinki, na zile ncha mbili za chini kabisa zinazotokeza nje ya sakafu kwa ajili ya kumwaga maji. Usiamini dimbwi. Maji kwenye gari hufuata mteremko wa siku hiyo, kwa hivyo dimbwi lililo chini ya kitanda huenda limezaliwa bafuni. Kunja karatasi ya shashi kwenye kila kiungio unachokishuku, washa pampu, rudi baada ya saa moja. Shashi haisingizii.

Kabla ya kukata, zima pampu, chomoa mpira wa nje ikiwa gari limeunganishwa na maji ya kambi, zima hita na uiache ipoe, kisha fungua mifereji na zile ncha za chini mpaka pakauke. Usiwashe tena umeme wa hita kabla haijajaa, kwa sababu koili yake ikipata moto bila maji inaungua kwa dakika chache tu.

Sasa kosa linalorudiwa sana, na linaeleweka. PB na PEX za nusu inchi zina unene ule ule kwa nje. Zinafanana mkononi. Mtu anaenda dukani, ananunua kiungio cha PEX, anakiingiza kwenye PB, anabana pete, na kinashika. Wiki mbili baadaye kinadondosha. Ukuta wa PB ni mwembamba kuliko wa PEX, kwa hivyo tundu lake la ndani ni kubwa kidogo, na kiungio cha PEX humo ndani kinacheza kama mguu ndani ya kiatu cha kaka. Kinachotakiwa ni kiungio cha mpito: ncha moja nene zaidi kwa ajili ya PB, ncha nyingine ya PEX, pete ya kila upande ikiwa yake. Kiwe cha shaba ya manjano ukipata. Vipo pia vya kusukuma kwa mkono vilivyotengenezwa kukubali PB, ghali zaidi, lakini vinakuokoa kununua koleo la kubania, na kwenye kona ambayo koleo haliingii havina mpinzani. Soma pakiti; si kila cha kusukuma kinakubali PB. Kata bomba kwa kikata-bomba, mraba kabisa, usitumie msumeno unaoacha nyuzinyuzi. Kama kipande ulichokata kina mikwaruzo au kimepasuka kwa ndani, rudi nyuma ukate tena hadi uone ukuta safi.

PEX yenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani Thomas Engel aliunda njia ya kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1960, na kampuni ya Wirsbo ya Uswidi ikaanza kuizalisha miaka ya 1970. Yaani bomba lililokuja kuzika bomba la kijivu lilikuwa tayari hai, upande wa pili wa bahari, wakati Elkhart wanafunga la kijivu. Marekani ilianza kulitumia zaidi kupashia joto sakafu, na kwa maji ya kunywa ilichukua muda zaidi kulikubali. Baada ya miaka ya 1990 viwanda vya motahomu vilihamia huko karibu vyote.

Je, ubadilishe yote? Ushauri utakaosikia mara nyingi ni ndiyo. Mimi ningeangalia mfuko na sakafu. Kama bomba ni kavu, viungio ni vya nati au vya chuma, na sehemu zote unazifikia, gari hilo lina miaka mbele yake, mradi uweke kidhibiti presha mahali mpira wa kambi unapoingilia. Presha ya kambi nyingine ni kali kuliko bomba hili linavyostahili; kidhibiti cha dola chache kinaishusha hadi 40 au 50 psi. Kila majira ya baridi kausha mfumo au uujaze kile kimiminika cha waridi cha propilini glaikoli, na usithubutu kutumia kile cha rejeta ya gari, kinaua mtu. Na unapoosha tangi kwa klorini, ile ambayo sisi wote tunaiita Jik hata kama chupa ina jina lingine, pima, usimwage kwa macho, na suuza mpaka harufu iishe. Lakini kama umekanyaga karibu na bafu ukahisi sakafu inabonyea, hapo hesabu imebadilika. Toa mpaka chini. Ukirudisha mbao mpya juu ya bomba la zamani umelipa mara mbili.

Ukimaliza, jaza tangi, washa pampu, funga mifereji yote, kunja shashi mpya kwenye kila kiungio kipya na uache paneli wazi usiku mzima. Asubuhi zikiwa kavu, chukua kalamu ya wino mzito, na kwa upande wa ndani wa paneli, ule ambao hauonekani, andika tarehe, andika PB inaishia wapi na PEX inaanzia wapi, andika kiungio gani hukukifikia. Kisha ndipo urudishe skrubu.